Mtoto Asiye na Namba Kifuani

Leo nimekuja na jambo ambalo huenda ukafikiri halimhusu muuguzi hata kidogo: watoto na vijana wetu kuingia katika mbio zilizoandaliwa bila kuandikishwa. Tafadhali keti kidogo, hata kama sufuria iko motoni, unisikilize mpaka mwisho.

Unajua vile inavyokuwa. Kumetangazwa mbio za hisani, labda Malindi mjini, labda Kilifi, labda ni hapa hapa kwetu Adu au upande wa Marafa, kiongozi fulani amedhamini. Waliojiandikisha wanapewa fulana na karatasi yenye namba ya kubandika kifuani. Wanajipanga, filimbi inalia, wanaondoka. Wakipita karibu na manyumba, watoto wanatoka mbio, wengine miguu mitupu, wengine wametumwa dukani na shilingi bado iko mkononi. Wanaungana na wale wenye namba. Sisi watu wazima tunapiga vigelegele na makofi. "Tazama mtoto wa fulani anavyowapita!" Hakuna anayemwita arudi, na mimi pia nimewahi kuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Siku hizi sipigi tena, na nitakueleza kwa nini.

Siku moja nilialikwa kusaidia katika hema la huduma ya kwanza kwenye mbio za namna hiyo. Ilikuwa msimu wa joto, kabla ya mvua za masika. Kama saa nne na nusu asubuhi bodaboda ilileta mvulana wa miaka kumi au kumi na mmoja. Alikuwa ameshikiliwa katikati na mwanamume mmoja msamaria mwema. Ngozi ilikuwa ya moto kama sufuria, macho yanazunguka, na maneno anayosema hayaelewani. Mimi aliniita kwa jina la mtu mwingine, nadhani dada yake. Swali la kwanza tulilouliza ni lile ambalo kila muuguzi huuliza: huyu ni mtoto wa nani? Yule msamaria hakujua, alimkuta ameanguka kando ya barabara. Tukatazama kifuani, hakuna namba. Tukatangaza kwa kipaza sauti, lakini tutatangaza jina gani? Tulisema tu, "mvulana mwenye kaptula ya shule na shati la manjano."

Tulimpoza kwa maji, tukampepea, akaanza kupata nafuu kidogo. Nyanya yake alifika baada ya zaidi ya saa moja, anatembea haraka huku analia, na ndani ya leso amefunga kadi ya kliniki. Nilipoifungua kadi ndipo nikajua kwamba mtoto yule ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Saa nzima tulikuwa naye na hatujui. Ningelijua tangu mwanzo, nisingengoja kuona kama anapata nafuu, ningetaka apelekwe hospitali kubwa mara moja. Alipelekwa, alilazwa, na namshukuru Mungu alirudi nyumbani. Lakini ile saa moja sijaisahau.

Sasa tuangalie namba ile inafanya kazi gani, kwa sababu wengi tunadhani ni ya kujua nani ameshinda. Kushinda ni kazi yake ndogo. Namba ikiandikwa, katika orodha ya waandaaji kuna jina, umri, na simu ya mtu wa karibu. Ukiigeuza namba nyuma, katika mbio nyingi utakuta nafasi ya kuandika mambo hayo kwa kalamu: jina, simu ya kupigiwa, ugonjwa alio nao, dawa anazotumia, dawa zinazomdhuru. Mkimbiaji akianguka, mtu wa huduma ya kwanza anaigeuza tu na kusoma. Wengi wa wanaojisajili hawajazi upande ule, jambo ambalo hunisikitisha sana, lakini angalau namba ya mbele inampeleka mtu kwenye orodha. Mtoto aliyeruka ua hana mbele wala nyuma.

Tena waandaaji hupanga kwa kuhesabu. Wakiandikisha watu 300, wananunua maji ya watu 300, wanaomba ambulensi na wahudumu kulingana na watu 300. Wakiongezeka watoto 100 njiani, kila kituo cha maji kitapungukiwa. Na maji hayapungui kwa wale wa mbele, yanapungua kwa wale wa nyuma, yaani akina mama, wazee na wagonjwa wa sukari walioambiwa na daktari wafanye mazoezi, wanaotembea polepole huku jua likipanda. Mtoto wako anapochukua chupa mbili, moja anywe na moja amwagie mwenzake kwa mchezo, kuna mama fulani nyuma atakuta meza tupu. Simlaumu mtoto, hajui. Sisi ndio tunaojua.

Mwaka 2007 kulikuwa na marathoni huko Chicago, Marekani, siku ya joto lisilo la kawaida kwao, kama nyuzi 31. Wakimbiaji wengi walilalamika kwamba wamefika vituoni wakakuta maji yamekwisha. Mamia walihitaji matibabu, na waandaaji walilazimika kusimamisha mbio zikiwa bado zinaendelea. Hao walikuwa watu waliosajiliwa, katika mji tajiri wenye hospitali kila upande. Nyuzi 31 hapa Adu, mama, wewe mwenyewe unajua, ni siku ya kawaida tu.

Na kuna jambo la tatu ambalo watu wengi hawalijui. Barabara hufungwa kwa muda. Nyuma ya mkimbiaji wa mwisho huwa kuna gari au pikipiki inayookota waliochoka, na ikishapita hiyo, barabara inafunguliwa. Watu wa gari lile wanatafuta wenye namba. Mtoto wa miaka tisa aliyechoka akaketi chini ya mkwaju hawamhesabu, wanamdhani ni mtazamaji. Baadaye anaamka, anajaribu kurudi nyumbani peke yake, kilomita sita au saba, na sasa matatu na malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni yamerudi barabarani kwa kasi ya kufidia muda waliopotezewa. Kwangu mimi hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote.

(Muziki mfupi)

Ukisikia hivi unaweza kusema, muuguzi, mbona waliokimbia bila kuandikwa wengine wamekuwa mashujaa? Ni kweli, na sitaki kukuficha. Mwaka 1966 mwanamke mmoja wa Marekani, Bobbi Gibb, aliandika barua kuomba kuingia marathoni ya Boston. Alijibiwa kwamba wanawake hawana mwili wa kuweza kukimbia umbali ule. Basi siku ya mbio akajificha kwenye kichaka karibu na mahali pa kuanzia, amevaa kaptula ya kaka yake na nguo yenye kofia ya kufunika kichwa, wanaume walipoondoka akatoka na kuungana nao. Alimaliza kwa saa 3 na dakika 21, mbele ya wanaume wengi. Mwaka uliofuata, 1967, Kathrine Switzer alijiandikisha kwa herufi za mwanzo za jina lake, akapewa namba 261, na njiani ofisa mmoja akamvamia akitaka kumng'oa namba ile. Wanawake waliruhusiwa rasmi Boston mwaka 1972. Na baadaye ni nani alikuja kushinda mbio hizo hizo mara nne, mwaka 2000, 2001, 2004 na 2005? Catherine Ndereba, Mkenya mwenzetu, na wakati huo tayari ni mama wa mtoto wa kike. Hao waliosema mwili wa mwanamke hauwezi sijui walijificha wapi.

Afrika Kusini vilevile. Zile mbio ndefu za Comrades, kama kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, zilikuwa za wanaume weupe peke yao. Mwaka 1935 Robert Mtshali, mtu mweusi, alizikimbia na kuzimaliza kwa saa 9 na nusu, lakini jina lake halikuwekwa katika matokeo. Mlango haukufunguliwa kwa watu weusi na wanawake mpaka 1975.

Kwa hiyo wako waliokimbia bila namba kwa sababu walinyimwa namba. Nawaheshimu. Lakini mtoto wetu wa Adu hajanyimwa kwa sababu ya ngozi wala kwa sababu ni msichana. Mara nyingi hajaandikwa kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekwenda kumwandikisha, au ada imetushinda, au umri wake hauruhusu umbali ule. Hayo ni mambo matatu tofauti, na nitarudi hapo baadaye.

Wako pia wanaoingia kwa hila. Mwaka 2014, katika marathoni ya Nairobi, mwanamume mmoja alijitokeza mbio zikiwa karibu kwisha, akaingia uwanjani wa pili, hana jasho wala uchovu kama wenzake waliotoka mbali. Alitiliwa shaka, akafutwa katika matokeo na kukabidhiwa polisi. Watu walicheka sana wakati ule. Mimi nawaza kijana anayetazama na kujifunza kwamba pesa ya mbio inaweza kuokotwa njiani.

Boston wenyewe kwa miaka mingi waliwavumilia wasioandikwa, wakawaacha wakimbie nyuma ya wengine. Lakini tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia, watu 3 wakafa na mamia wakajeruhiwa. Tangu mbio za 2014 asiyeandikwa haruhusiwi kabisa. Fikiria tu kazi ya siku ile: unawatafuta watu katika moshi na vilio, na unayemwokota hayumo katika orodha yoyote.

Na namba ya kuazima ni mbaya zaidi kuliko kukosa namba. Mwaka 2016, katika nusu marathoni ya Xiamen, China, mwanamume mmoja alianguka akafa huku amevaa namba iliyoandikishwa kwa jina la mwanamke. Ndugu hutafutwa kwa namba ile. Hebu wazia simu inapigwa nyumbani kwa mtu mwingine kabisa, na nyumbani kwako hakuna anayejua neno. Kijana wako akikwambia "rafiki yangu hawezi kwenda, amenipa namba yake", mrudishe akaibadilishe kwa waandaaji au abaki nyumbani.

Sasa turudi kwenye mwili wa mtoto, kwa maana hapo ndipo kazi yangu ilipo.

Mtoto si mtu mzima mdogo. Akikimbia, mwili wake hutoa joto jingi kwa kadiri ya uzito wake, na jasho lake ni kidogo kuliko la mtu mzima. Na mtoto hasimami. Mtu mzima akichoka hupunguza mwendo, mtoto aliye katikati ya wenzake wanaoshangiliwa atakwenda mpaka magoti yagome. Wengi wetu husema, "Watoto wetu wamezoea jua, wanachunga mbuzi siku nzima." Kuchunga ni kutembea na kukaa kivulini, ni kuchimba mchanga na kula matunda ya msituni. Kukimbia kilomita 10 kwa kushindana ni kitu kingine. Tena ukiongeza kwamba aliondoka nyumbani na chai ya rangi tu, na jana usiku alilala kuchelewa, hapo kuna shida inayongoja.

Wako watoto ambao hawafai kabisa kuingia mbio ndefu bila ushauri wa daktari. Wa kwanza ni wenye selimundu, na hapa pwani ni wengi. Upungufu wa maji mwilini na kuchoka sana huweza kuzifanya chembe zao za damu zikunjike kama mundu na kuziba njia, ndipo mtoto hupata yale maumivu makali ya mifupa na kifua. Wengine ni wenye pumu ambao dawa yao ya kuvuta imebaki nyumbani, wenye kifafa, wenye ugonjwa wa moyo, na wale walioambiwa kliniki kwamba damu ni chache. Mtoto aliyekuwa na homa jana au ambaye yuko katika dawa za malaria leo, asikimbie, hata kama anaruka ruka na kusema amepona. Anayeharisha pia.

Namna ya kujua joto limemzidi ni hii. Mwanzo husema kichwa kinauma, ana kizunguzungu, anataka kutapika, misuli ya miguu inakaza. Hapo bado mko salama, mtoe juani, mlaze kivulini, mvue fulana, mpe maji kidogo kidogo. Kama kuna ORS, koroga kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu ya pakiti, usikisie. Kama hakuna, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Dafu nalo ni zuri. Nasema dafu, si mnazi, kwa maana nimewahi kuona mtu akimpa kijana tembo "apate nguvu", na huko ni kumzamisha.

Hatari yenyewe ni pale akili inapobadilika. Anaongea ovyo, anapigana na wanaomsaidia, anayumba kama mlevi, anaanguka, anashikwa na degedege au hajitambui. Hapo joto la ndani limepita nyuzi 40, na kila dakika ubongo, ini na figo vinaumia. Usingoje gari kwanza, mpoze kwanza. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu kwa kadibodi au leso. Loweka leso nyingine umwekee shingoni, kwapani na kwenye mapaja kule juu, ubadilishe zikipata joto. Najua kwetu maji ni shida, na mama anaogopa kumaliza mtungi alioutoa mbali. Lakini maji ya kupoza mwili si lazima yawe safi ya kunywa, hata ya lambo walikonywa ng'ombe yanafaa, mradi yasiingie mdomoni. Kama asiyejitambua anapumua, mlaze ubavu. Usimpe kitu chochote kinywani, wala maji wala soda. Na huku unampoza, mwingine apige simu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba 1199, na 999 au 112 ni za dharura kwa nchi nzima. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako naye aitwe, ndiye anayejua njia ya karibu. Njiani kwenda hospitali endeleeni kummwagia maji.

Panadol haisaidii hapa. Akina mama wengi wakigusa paji la uso wakakuta moto, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye kopo la dawa. Homa ya malaria na joto la kukimbia juani ni vitu viwili, na dawa ya kushusha homa haishushi hili la pili. Ila kama mtoto amepoa, amelala vizuri, na kesho yake mwili unachemka tena, huyo mpeleke zahanati apimwe malaria.

Kuna kosa jingine la upande wa pili, ambalo hufanywa hasa na watu wazima wanaokwenda polepole. Wameambiwa wanywe maji, basi wanakunywa kila kituo mpaka tumbo linacheza. Maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi ya damu, na ubongo huvimba. Mwaka 2002 huko Boston mwanamke wa miaka 28 alifariki kwa sababu hiyo. Mwaka ule ule wakimbiaji 488 wa mbio zile walipimwa damu baada ya kumaliza, na asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu. Kunywa ukisikia kiu, inatosha.

Sasa yale mambo matatu niliyoahidi kurudi kwayo. Kama ni kwamba hakuna aliyekwenda kuandikisha, basi hilo ni letu. Tangazo likisikika, mwalimu wa michezo anaweza kuwaandikisha watoto kwa pamoja, mzazi akitia sahihi. Zungumza naye mapema, usingoje usiku wa kuamkia mbio. Siku ya kuchukua namba, keti na mwanao, geuza ile karatasi, jaza nyuma yake kwa kalamu isiyofutika na maji: jina lake, kijiji, simu yako na ya jirani mwenye chaji, na ugonjwa kama upo. Kalamu ya kawaida jasho huifuta.

Kama ni ada, hapo niko upande wako. Ada ya mbio nyingine ni kibarua cha siku kadhaa kwa mama anayeuza makaa au anayelima shamba la mtu, na si haki kuja kukimbia katika kijiji chetu, kupiga picha na watoto wetu, halafu mtoto asiwe na nafasi. Waandaaji wengi husikiliza wakiendewa kabla. Waende chifu, mwalimu mkuu na kikundi cha akina mama, waombe mbio fupi ya watoto, kilomita moja au mbili, bila ada, asubuhi mapema saa kumi na mbili na nusu jua likiwa bado chini, iandikwe majina, iwe na maji yake. Fulana ikikosekana, namba ya karatasi inatosha. Nimeona mtoto akiihifadhi karatasi ile miezi mingi, imebandikwa ukutani juu ya kitanda.

Na kama ni umri, usibishane nao. Katika marathoni nyingi kilomita 42 ni za waliofika miaka 18, na wa chini hupewa umbali mfupi. Hawakumdharau mwanao.

Nimalizie kwa maswali mliyoniuliza kliniki.

Mama mmoja aliuliza: "Mwanangu wa kiume ana miaka 14, anawashinda wakubwa. Nikimuongezea miaka kwenye fomu kuna ubaya gani?" Mama, mifupa ya kijana wa umri huo bado inakua, ncha zake ni laini, na mbio ndefu za mara kwa mara huziumiza. Tena daktari akisoma 18 mahali pa 14 atakadiria dawa na maji kwa mtu ambaye siye. Mpeleke kwa mwalimu wa riadha, akimbie mita 800 na 1,500 katika michezo ya shule. Mwenye kipaji hatachelewa.

Mwingine ananyonyesha mtoto wa miezi saba, anataka kuingia mbio za kilomita 5 na shangazi zake. Ingia, dada, ila jiandikishe. Nyonyesha kabla ya kuondoka ili matiti yasiwe mazito, vaa sidiria ya kushika vizuri, kunywa maji ukiwa na kiu, na ukirudi mnyonyeshe tu. Maziwa hayaharibiki kwa kukimbia, hayo ni maneno ya watu. Oga jasho kwanza, kwa kuwa mtoto huchukia ladha ya chumvi kwenye chuchu.

La mwisho liliulizwa na nyanya mmoja wa Adu: "Kama nimekaa kando ya njia nauza maembe na naona mjukuu wangu anapita katikati yao, nifanye nini? Mimi siwezi kumkimbiza." Usimkimbize, hawe, wala usimwite kwa ukali, maana atakukimbia zaidi. Mpigie simu mtu aliye kituo cha maji kinachofuata, au mtume mwenye baiskeli, amtoe pale anapopunguza mwendo kuchukua maji. Amwambie anaitwa na nyanya yake, ampe maji, akae naye kivulini. Na mtu wa kujitolea aliye pale kituoni aambiwe jina la mtoto, kijiji, na simu yako, ayaandike, hata juu ya kiganja. Halafu wewe funga maembe yako uende kumchukua kwa miguu yako, usiseme atarudi mwenyewe, barabara ikiwa imefunguliwa.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya minyoo, na namna ya kumpa mtoto dawa bila vita. Kwaheri ya kuonana.